Viluwiluwi wa Nyumba ya Saba

Shaushi Kaanaeli, askari wa boma, alipiga goti penye nyumba iliyoanguka, akachota tope kwa kidole cha shahada, akalionja.

Watu wakapeana macho. Kuonja tope ndiyo iliyokuwa sifa yake ya kwanza mjini Arusha. Sifa ya pili ni sharubu zake. Akina mama wa sokoni waliapa kwamba zilimnusa mwizi kabla pua haijapata habari. Inasemekana aliwahi kumfuata mwizi wa punda kutoka Tengeru hadi Ngarenanyuki kwa harufu ya kikohozi tu, na alipomkamata, punda ndiye aliyekiri kwanza. Mwenyewe hakukanusha. Askari anayekanusha sifa zake hujitafutia kazi ya bure.

"Mvua," alisema mzee Sakaya, jirani wa upande wa juu, ameegemea fimbo yake kama mtu aliyekuja kutazama ngoma. "Nilisema mimi. Nilisema sokoni mbele ya watu, nyumba hii italala chini kabla yangu. Mtoto amejenga uji."

"Babu, mvua ya jana ilinyesha kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nini?"

Sakaya akautazama Mlima Meru, uliokuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. "Ya kutosha uji," akasema, na watu wakacheka.

Ambaye hakucheka ni mwenye nyumba. Loishiye, mwana wa Lemburis, alisimama kando, mrefu kama nguzo ya boma, shuka lake limetapakaa tope, mkononi ameshika kamba ya timazi ambayo jiwe lake lilining'inia bila kutikisika. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na miwili. Vijana wa rika lake mali yao ilikuwa ng'ombe. Yake ilikuwa nyumba, saba kwa idadi, zimejipanga kwenye njia ya kwendea boma la Wajerumani, zote za kupangisha, na zote kazijenga yeye. Reli ilikuwa imefika Moshi, na kila aliyeshuka pale na mzigo wake akaja Arusha alitafuta pa kulaza ubavu. Ukimuuliza mpagazi atafikia wapi, alikujibu, "Kwa Loishiye," akidhani ni jina la mtaa.

Sasa nyumba ya saba, kubwa kuliko zote, ukuta wake wa mashariki ulikuwa umelala kifudifudi na paa limeukalia.

"Bwana Shauri amesemaje?" Loishiye aliuliza.

Kaanaeli akajipangusa kidole. Bwana Shauri, Mjerumani aliyekata mashauri pale bomani, alikuwa ametoka asubuhi ileile kwenda Tengeru juu ya nyumbu wake, na kabla ya kupanda alitoa amri fupi. "Anarudi saa kumi. Nikimwambia nyumba imeanguka kwa ubovu wa mjenzi, zote saba zinabomolewa kabla jua halijatua, kiwanja kinachukuliwa, na wewe unalazwa chini kwa viboko ishirini na vitano. Anasema hataki mji wa kuua wageni."

"Na ukimwambia imeangushwa?"

"Basi viboko vina mtu mwingine."

Akaanza kazi. Aliizunguka nyumba mara tatu, mara ya kwanza akitazama juu, ya pili akitazama chini, ya tatu akiwa amefumba jicho moja kwa sababu asizozieleza. Paa la nyasi lilikuwa zuri, limeshuka vizuri kupita ukuta. Mvua isingegusa matofali hata ingetaka. Kuta tatu zilizosimama zilikuwa na madoa ya matone hadi usawa wa kifundo cha mguu, basi. Lakini penye ukuta ulioanguka, tope la kijivu, laini kama unga, lilikuwa limepanda hadi magotini.

Kisha akainama, akakaa ameinama muda mrefu hata watu wakadhani kiuno kimemkamata. Alipoinuka alikuwa na maji kiganjani, na ndani ya maji viluwiluwi watatu, wanachezesha mikia.

"Babu Sakaya, wewe umekula chumvi nyingi. Umewahi kuona mvua ya viluwiluwi?"

Sakaya akasogea, akachungulia. "Mwaka wa ndui," akaanza, "ilinyesha..."

"Jana, babu."

"Jana hapana."

"Basi haya ni maji ya mfereji. Hayakudondoka. Yameletwa."

Kicheko kikakauka. Kwenye miteremko ile mifereji ya maji inatoka mtoni juu kabisa, inapita migombani, na kila kaya ina zamu yake ya kumwagilia. Mwizi wa mbuzi huweza kusamehewa akitoa mbuzi wawili. Mwizi wa zamu ya maji, hata watoto wake huzomewa.

"Zamu ya jana ilikuwa ya nani?"

Shingo zote ziligeuka upande mmoja. Sakaya akakohoa.

"Yangu," akasema.

"Nawe ulisema nyumba italala."

"Nilisema italala. Sikusema nitailaza."

"Nenda nyumbani ukaningoje," alisema Kaanaeli. "Usimwagilie kitu."

*

Mpangaji wa nyumba ya saba alikuwa Tabitha, mjane wa Kimeru, Mkristo wa Nkoaranga, aliyeuza chumvi na vitambaa. Kaanaeli alimkuta barazani mwa nyumba ya sita, gauni lake la misheni safi, amekalia gunia la chumvi kama malkia.

"Pole na mkasa, mama."

"Nimeshapoa."

"Nyumba imeanguka kabla ya mapambazuko. Chumvi yako haina hata tone."

"Mungu ni mwema."

"Alikuja kuibeba mwenyewe?"

Tabitha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Niliihamisha jana jioni. Niliambiwa siafu wanapita."

"Na nani?"

"Watu hupita wakisema, Shaushi. Siafu hawana tarishi wao."

Kaanaeli akageuka, akatazama banda la kuku lililosimama nyuma ya nyumba ya saba, upande usioguswa na maji. Ndani jogoo mmoja na matetea wanne walikuwa wanadonoa kwa raha zao.

"Kuku wale ni wako?"

"Wangu."

"Walilala wapi jana?"

Mama akalitazama banda. Hata mtoto wa Arusha anajua: siafu wakitangazwa, kuku ndio wanaotolewa kwanza. Siafu hawali chumvi wala kitambaa. Kuku aliyefungiwa humwacha manyoya.

"Hukuogopa siafu," alisema Kaanaeli. "Uliogopa nyumba. Aliyekuonya ni nani?"

"Aliyenionya hakunitakia mabaya. Hakumtakia mtu mabaya." Tabitha akalikunjua gauni, akakaa sawasawa juu ya gunia. "Zaidi ya hapo, Shaushi, nipeleke bomani nikakae na chumvi yangu huko."

Kaanaeli akamshukuru. Shahidi anayekataa kusema jina amekwisha kusema mengi: kwamba jina analijua, kwamba mwenye jina anampenda, na kwamba jambo lilipangwa kabla ya giza kuingia.

*

Akapanda mlimani na Loishiye. Njia ilipita mbele ya nyumba sita zilizobaki, na Kaanaeli, ambaye alikusudia kupita tu, alijikuta anasimama kwenye kila moja. Alipiga teke msingi wa ya kwanza, akaumia kidole. Mawe meusi ya mlima yalikuwa yameshikana kama meno ya mamba. Milango yote ilitazama magharibi, upepo wa mlimani usiingie na baridi yake. Meko yalikuwa nje, chini ya vibanda, ili mpishi mmoja mlevi asichome wageni kumi. Kila chumba kilikuwa na kigogo kilichochomekwa ukutani, juu, pa kuning'iniza mzigo panya wasiufikie.

"Haya nani alikufundisha?"

"Boma."

"Boma lina shule ya ujenzi?"

"Boma lenyewe." Loishiye alielekeza kidevu bondeni, kwenye kuta nyeupe. "Lilipojengwa nilikuwa na miaka kumi. Tulikamatwa wote, wakubwa kwa wadogo, kubeba mawe. Wenzangu walitazama mawe. Mimi nilimtazama fundi, ile kamba anayoning'iniza. Nikaona ukuta wote ule mkubwa unatii kijiwe kidogo kinachoning'inia. Jioni nikarudi nyumbani nikafunga kokoto kwenye uzi, nikapima nyumba ya mama. Ilikuwa imepinda." Akacheka kidogo. "Nikapigwa."

"Na ardhi?"

"Baba alipokufa tuligawana. Ndugu zangu wakachukua mitamba. Mimi nikaomba boma lake la zamani la ng'ombe, lile lililohamwa. Walicheka hadi wakakaa chini. Majivu na mavi makavu, wakasema, chukua yote. Lakini mimi nilikuwa nimewaona watu wanaokuja bomani kwenye mashauri, wanalala nje, mvua inawanyeshea, wanakohoa hadi asubuhi. Kila mtu aliwaona. Waliwaona kama watu waliolowa. Mimi niliwaona kama watu wasio na nyumba."

Kaanaeli alitazama tena nyuma, kwenye safu ile ya mapaa sita. Miaka kumi na miwili aliyovaa tarbushi ya serikali, alikuwa amewafukuza barazani watu haohao waliolowa, asubuhi baada ya asubuhi.

*

Kwa Sakaya hakukaa sana. Alishuka migombani, akaingiza kidole kwenye vijifereji vidogo vya kumwagilia, kimoja baada ya kingine. Vumbi. Juu lilikuwa limelowa kidogo kwa manyunyu. Ukichimba ukucha mmoja, kavu. Majani ya viazi yalikuwa yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

"Maji yako hayakufika," alisema.

"Nilikaa na jembe hadi jogoo wa kwanza," alijibu Sakaya. "Nikadhani wa juu wamefunga."

"Mbona asubuhi hukusema?"

"Ningesema nini, Shaushi? Nimetamba sokoni kwamba nyumba italala. Ikalala. Halafu niseme maji yangu yameibwa usiku huohuo? Hata mimi ningejikamata."

Kaanaeli aliona hoja ile imenyooka kuliko mwenyewe. "Saa kumi uwe bomani. Wewe ndiye uliyeibiwa."

"Nitakuwepo," alisema Sakaya, na macho yake yakapata nuru. "Nikimjua, nitataka apigwe mbele yangu, na nitakuja na kigoda."

Wakapanda tena, Kaanaeli mbele, Loishiye nyuma, wakaufuata mfereji mkubwa hadi mahali ukingo ulipokuwa umefunguliwa. Ilikuwa wazi: nyasi zilizolazwa na maji zilishuka moja kwa moja kutoka pale hadi nyumba ya saba, kama njia ya ng'ombe.

"Makaburu walipita juzi na magari yao ya ng'ombe," alisema Loishiye. "Huwa wanabomoa kingo."

"Wanabomoa. Je, huwa wanaziba?"

Maana palikuwa pamezibwa. Kipande cha mgomba kimelazwa kati, mabonge ya nyasi yamepangwa juu yake, upande wa nyasi ukitazama majini, na kila bonge limeshindiliwa kwa kisigino. Kazi safi, hakuna tone linalovuja.

"Mgeni akifungua maji hukimbia," alisema Kaanaeli. "Huyu alifungua, akafanya lililomleta, akarudi kuziba. Mkono uliolelewa na mfereji hauwezi kuyaacha maji yapotee, hata ukiwa umekuja kuyaiba. Ndilo kosa lake. Hakuwa Kaburu."

Akainua jiwe lililowekwa juu ya kizibo. Chini yake palikuwa na jani refu la sale, lile la kupandwa mipakani, limefungwa fundo. Akalishika kwa vidole viwili. Huku kote mlimani jani la sale lina neno moja tu: radhi. Anayeletewa sale hana budi kusamehe, hata kama ameuliwa mwana. Akikataa, laana inamgeukia yeye. Mwizi aliyeomba radhi kwenye tundu alilotoboa. Na fundo lile, la kukunjwa mara mbili na ncha kurudishwa ndani, Waarusha hawakulifunga hivyo. Lilifungwa hivyo kwao Kaanaeli, Nkoaranga.

"Ni jani tu," alisema Loishiye. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kaanaeli akatazama chini. Kwenye tope, pale mtu alipopiga magoti kushindilia, palikuwa na alama: mistari myembamba, sambamba, mingi, kama mtu aliyebonyeza meno ya chanuo. Nyaya za shaba za kuzungushwa miguuni. Mguu wa Loishiye ulikuwa unasogea polepole kuelekea palepale.

"Toa mguu."

Kijana akasimama hivyohivyo, mguu mmoja hewani.

"Nyumba imeanguka kwa ubovu wangu, Shaushi. Kamwambie Bwana Shauri hivyo."

"Sasa hivi tu ulinionyesha misingi yako kama mtu anayeonyesha bibi harusi."

"Nilikuwa najisifu. Kamwambie."

"Saba zote zibomolewe?"

"Zote."

"Na viboko?"

"Mgongo ni wangu."

Kaanaeli alimtazama. Katika kazi yake alikuwa amewasikia watu wakiapa kwa mbingu na ardhi kukana kosa walilolifanya mchana mbele ya soko zima. Anayelilia kosa lisilo lake alikuwa hajampata.

"Nikuhesabie," alisema taratibu. "Mguu una nyaya: mwanamke aliyeolewa kwa Waarusha. Tabitha havai nyaya, amebatizwa. Fundo ni la Nkoaranga: mtu aliyezaliwa kwa Wameru. Mguu wa huku na mkono wa kule, mwili mmoja, na mwili huo ulimwonya mpangaji kwanza ili asife mtu. Mama yako ametokea wapi, Loishiye?"

Timazi mkononi mwa kijana ikaanza kutikisika.

"Nkoaranga," akasema.

*

Nashilu, mama yake Loishiye, alikuwa nje ya nyumba yake, anamenya ndizi. Tope lilikuwa limekaukia katikati ya pete za shaba miguuni mwake, na hakujisumbua kulitoa.

"Yeyo, takwenya," Kaanaeli alimwamkia kwa Kiarusha, akimwita mama, kama mtoto anavyomwamkia mama wa mwenzake.

"Iko," akaitikia mama. "Umechelewa. Nimekungoja tangu jua la kwanza. Kaa, sharubu zako zimejaa vumbi."

Kaanaeli akakaa. Loishiye hakukaa.

"Kwa nini, yeyo?" aliuliza.

"Nilikuambia mara tatu. Nilipoletwa hapa kuolewa, kabla ya boma, mfereji ulipita pale ulipoweka nyumba ya saba. Masika moja ukakata kingo, ukabeba ndama na mwenye ndama, wazee wakauhamishia juu. Maji yalihamishwa. Njia yao haikuhamishwa, imefukiwa tu."

"Nilipima. Pimamaji ilisema ardhi imelala sawa." Pimamaji ile Loishiye alikuwa ameipata kwa fundi wa reli kwa mbuzi wawili, na alilala nayo kitanda kimoja.

"Pimamaji inayajua maji yaliyo ndani ya kichupa chake," alisema Nashilu, na ganda la ndizi likaanguka miguuni. "Nyumba zako sita sikuzigusa. Umeziweka juu ya boma la baba yako, ardhi iliyokanyagwa na ng'ombe miaka arobaini. Mlima ukitema moto, hizo zitabaki zinautazama. Lakini wageni wakazidi, ukateremka bondeni. Masika inaingia wiki tatu zijazo. Ungelaza mle watu ishirini. Ndiyo nikamwambia Tabitha atoke, nikaipa nyumba maji kidogo, ikiwa tupu. Ingesimama, ningenyamaza hadi kaburini."

"Ingesimama?"

"Haikumaliza hata zamu moja."

Kaanaeli alingoja kijana atukane, au alie, au ageuke aondoke. Ameona wanaume wazima wakifanya yote matatu kwa ajili ya kibanda cha kuku. Loishiye alichuchumaa. Akaokota kijiti, akachora mstari mavumbini, mrefu, akaupinda pembeni.

"Maji yaliingilia wapi kwanza?"

Mama akaacha kumenya. Akanyoosha kisu. "Hapo. Chini ya jiwe la tatu kutoka pembeni. Yalizama kwanza, yakatafuta, halafu yakainua."

"Yalizama." Kijana akachora duara. "Basi chini ya jiwe la tatu pawekwe njia ya mawe. Yakija yapite chini ya nyumba, yasibishane nayo."

"Upana wa mikono miwili," alisema mama.

"Mitatu. Masika."

Wakawa wameinama wawili juu ya mchoro, wamemsahau mtu wa serikali. Kaanaeli akaruhusu sharubu zake zitabasamu kidogo, kisha akakohoa.

"Saa kumi Bwana Shauri atataka mtu. Kufungua mfereji wa watu ni kosa."

"Mimi hapa," alisema Nashilu.

"Hayupo," alisema Loishiye.

Kaanaeli akalitoa jani la sale. "Yeyo, hili uliliweka kwa nani? Kwa mwanao?"

"Kwa mwenye zamu. Nimemnyima maji mzee wa watu." Akamtazama mwanawe, aliyekuwa bado anachora. "Huyu simwombi radhi. Mama haombi radhi kwa kumzaa mtu mara ya pili."

*

Saa kumi kasorobo, nje ya lango la boma, Sakaya alikuwa amekwisha fika na kigoda chake. Kaanaeli alimwekea jani mkononi bila salamu.

"Liliwekwa juu ya maji yako, babu."

Mzee akaligeuza, akalinusa, akalitazama fundo. "La Nkoaranga."

"Naam."

"Watu wa Nkoaranga huku chini mnahesabika. Tabitha huogopa hata kuchinja kuku. Wewe usiku ulikuwa zamu bomani, nilikusikia ukikoroma." Macho yake yakapanda mlimani, yakatua mahali. "Yule mama amenitukana miaka thelathini. Hajawahi kuniomba radhi hata siku moja." Akalikunja jani taratibu, akalichomeka kwenye shuka, juu ya moyo, kama mtu aliyezawadiwa fahali. "Ila maji yangu?"

"Zamu mbili kwa moja."

"Na pombe ya ndizi."

"Na pombe ya ndizi."

"Mtungi mzima, Shaushi. Viazi vyangu vimeumia moyo."

Ndani, Bwana Shauri alikuwa amekaa mezani, vumbi la Tengeru bado liko kwenye nyusi, kiboko kimelazwa mbele yake pembeni ya kofia. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina mapambo.

"Shaushi. Nyumba."

Kaanaeli akapiga visigino. "Imeangushwa na maji ya mfereji, Bwana. Nyumba sita nimezikagua, hazina ubovu. Ya saba ilijaribiwa kwa maji kabla ya masika, ikiwa tupu, ikashindwa."

"Ilijaribiwa? Nani anajaribu nyumba?"

"Mimi na watu wa nyumbani kwangu, Bwana," alisema Loishiye. Alisimama wima, na timazi ilining'inia mkononi bila kutikisika. "Daraja lilipojengwa, Bwana alipitisha kwanza gari lililojaa mawe, ndipo akapita mwenyewe. Nami sitaki kumlaza mgeni mahali ambapo maji hayajapita kwanza. Ya saba nitaijenga upya, na njia ya mawe chini yake."

"Wewe mwenyewe uliamuru?"

Hapo kijana akavuta pumzi. "Bwana, ningekuwa msikivu, ningeamuru zamani. Nilikuwa mkaidi. Nyumba imenifundisha."

Bwana Shauri akakishika kiboko, akakizungusha mezani kwa kidole. "Maji yalikuwa ya nani?"

Sakaya akainuka kwenye kigoda chake, kiungo baada ya kiungo, kama mtu anayekunjua hema.

"Yangu, Bwana."

"Basi unashtaki."

"Sina shauri."

"Huna shauri? Wewe? Tangu Krismasi umeniletea mashauri kumi na moja. Umemshtaki hata kunguru."

"Kunguru hajaniridhisha mpaka leo," alisema Sakaya. "Hili la kumi na mbili sina."

Bwana Shauri akamtazama mzee, akamtazama kijana, akamtazama Kaanaeli, ambaye alikuwa anautazama ukuta kwa bidii kubwa. Kisha akakiweka kiboko chini ya kofia.

"Nyumba zibaki," alisema. Akageukia dirishani. Nje, upande wa bondeni, ghala jipya la serikali lilikuwa limeezekwa, na wapagazi walikuwa wanaingiza mizigo. "Huyo mtu wa nyumbani kwako anayejaribu. Namtaka kesho saa mbili. Ghala lile."

*

Kaanaeli alipopita nyumba ya saba kabla ya jua kutua, hakukuta watu wanaobomoa. Alikuta vijana wanane, ndugu zake Loishiye, wenye mitamba, walewale waliocheka hadi wakakaa chini, wamezama kiunoni kwenye handaki chini ya jiwe la tatu, wanapokezana mawe meusi. Loishiye alikuwa ndani zaidi yao, pimamaji kifuani, anapima upana kwa mikono: mmoja, miwili, mitatu. Nashilu alikaa ukingoni na Tabitha, wanakula ndizi choma, na kila jiwe lililoshuka lilipata maoni yake.

"Yeyo," alisema Kaanaeli, "Bwana Shauri anakuita kesho saa mbili. Ukalijaribu ghala lake."

Kazi ikasimama handakini. Nashilu akamaliza kutafuna, hana haraka.

"Limejengwa wapi?"

"Chini ya boma, pale penye matete."

"Penye matete," akarudia mama, na akamtazama mwanawe, na mwanawe akamtazama mama, na wote wawili wakayatazama yale maji yaliyobaki kwenye dimbwi, ambamo viluwiluwi watatu walikuwa bado wanacheza.

"Mwambie nitakuja," alisema. "Ila aanze kutoa mizigo leo." Akamgeukia Tabitha, akampiga kofi jepesi pajani. "Na safari hii, mwanangu, tukisema siafu, tutoe kuku kwanza."